Anayekiri Ndiye Aletaye Kinywaji: Bi. Agata Ndayikeza Anastaafu

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, saa kumi na moja jioni, Bi. Agata Ndayikeza atarudisha kitambulisho chake na kuondoka kazini, baada ya miaka kumi na minane na miezi miwili ya utumishi katika Ofisi ya Ukalimani ya Mito Mitatu. Alianza Buffalo mwezi Machi 2008, akahamia Columbus mwaka 2013, na tangu 2017 amekuwa nasi hapa Louisville. Hakuna mtumishi mwingine aliyefanya kazi katika ofisi zetu zote tatu. Na katika zote tatu alilalamikiwa kwa jambo moja tu: hufika mapema mno, akakuta mlango umefungwa, kisha akawapigia simu wakubwa wake kuwauliza kama wameamka salama. Joselyne wa mapokezi, ambaye ndiye hufungua mlango wa hapa, alimwambia mwaka jana, “Mama, wewe hata mbinguni utafika Petro bado anatafuta funguo.” Bi. Agata akamjibu kwamba hakuna shida, atamsubiri kwenye ngazi, ana sweta la kufuma.

Alizaliwa Makamba, kusini mwa Burundi, mwaka 1960. Siku yenyewe haijulikani. Karatasi zake zinasema tarehe mosi Januari, kama zinavyosema karatasi za karibu kila mtu aliyetoka naye kambini. Katika mwaka wake wa kwanza kazini, karani mmoja wa mahakama aliandika majina kumi na moja yenye siku ile ile ya kuzaliwa, akaweka kalamu chini, akauliza kwa adabu kama kwao akina mama huzaa kwa msimu. Bi. Agata alilitafsiri swali hilo kwa wote kumi na mmoja, neno kwa neno, kwa kuwa alikuwa amekula kiapo cha kutoacha neno. Ukumbi wote ulicheka, isipokuwa karani.

Mwaka 1972 alivuka mpaka pamoja na wazazi wake, akahamahama, na hatimaye akaishi katika kambi za Kigoma mpaka alipofikisha miaka arobaini na saba. Kambini alifundisha darasa la tatu. Vilevile alikuwa karani wa baraza la wazee, na kazi hiyo ya pili inahitaji maelezo, kwa sababu bila kuielewa hataeleweka yeye mwenyewe.

Kesi ndogondogo za kambini hazikupelekwa polisi. Zilipelekwa kwa wazee wasuluhishi, ambao Warundi huwaita abashingantahe. Mtu ameiba kuni, mbuzi amekula mihogo ya jirani, fulani amemtukana mkwe wake: wote walikaa chini, wakasikilizwa. Aliyekosa akikiri, aliambiwa alete kinywaji. Aliyekosewa alikunywa kwanza, kisha wazee, kisha mkosaji mwenyewe. Baada ya hapo jambo hilo halikutajwa tena. Kulitaja tena kulihesabiwa kuwa kosa jipya. Kazi ya karani ilikuwa kuandika lawama kwenye daftari, na kinywaji kikishanywewa, kuchana ule ukurasa. Bi. Agata alichana kurasa kwa miaka kumi na mmoja. Anasema daftari lake lilikuwa jembamba kila mwisho wa mwaka, na kwamba hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya baraza.

Kwa moyo huo aliingia katika mahakama ya Buffalo.

Mwezi Februari 2011 aliitwa kumkalimania Bisimwa, Mkongo wa Uvira, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, mfanyakazi wa kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Bisimwa alikuwa amepewa lifti na mtu wanayefanya naye kazi. Polisi walilisimamisha gari, wakafungua buti, wakakuta mashine ya kupulizia theluji iliyoibwa. Yeye alisema hakujua kilichokuwa nyuma. Alikaa mahabusu siku tisa kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwekea dhamana. Siku ya kumi mwendesha mashtaka alitoa pendekezo: akikiri kosa dogo, atakwenda nyumbani leo hii. Wakili wake wa utetezi wa umma alikuwa na faili nyingine mkononi na dakika chache tu. Bisimwa aliinama kuelekea kwa mkalimani, si kwa wakili, akanong'ona, “Mama, mimi sikuiba hii kitu. Bon, nifanye namna gani?”

Sheria ya kazi yetu ni fupi. Mkalimani huyageuza maneno hayo kuwa Kiingereza, akamfikishia wakili, akanyamaza. Bi. Agata hakumgeukia wakili. Alimwangalia mtu aliyeweza kuwa mwanawe, akamwambia, “Mwanangu, kubali tu. Ukikubali, jambo linakwisha.”

Bisimwa alikubali. Saa nane mchana alikuwa nyumbani kwake, na siku iliyofuata alirudi kwenye mashuka yake. Ofisi nzima ilifurahi. Jarida letu la Machi 2011 lilichapisha habari fupi ya kumsifu Bi. Agata kwa busara yake ya kiutu uzima, likieleza jinsi alivyomshauri kijana wa watu akiri na kumrudisha nyumbani siku ile ile. Aliyeiandika habari ile fupi ndiye anayeiandika hii ndefu. Hatukuwa na mtu, kuanzia mkurugenzi hadi mpika chai, aliyeona kosa ndani yake. Wote tulikuwa tumelelewa na mabaraza ya namna ile.

Wala hatukujua kwamba hapa daftari halichanwi. Kwetu kukiri hufunga jambo, na hapa hulifungua. Ukurasa ulioandikwa Buffalo hukaa, husafiri, na hukutangulia kila mji utakaohamia.

Mwaka 2013 Bi. Agata alihamishiwa Columbus, akapanga Reynoldsburg, karibu na maduka anakofanya kazi binti yake Angelika. Huko alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na mitatu, na alifaulu mtihani mara ya nne. Mtahini wa mara ya tatu alimwandikia kwamba anatoa njia kwa watu wote, hata kwa walio bado ndani ya nyumba zao.

Columbus ndiko alikoanza ile tabia ya daftari ambayo wengi wenu mmeiona. Kila asubuhi, akisubiri kuitwa, alikaa benchi la nyuma la ukumbi mmoja wa mahakama na kuchora vijistari. Ukumbi ule ulikuwa na milango miwili. Kwa mlango wa mbele waliingia washtakiwa waliotoka majumbani mwao, wamevaa shati la kanisani, na mke au mama nyuma yao. Kwa mlango wa ndani waliingia waliotoka mahabusu, wamevaa sare, mikono imefungwa. Aliandika nani amepita wapi, na nani amekiri siku hiyo hiyo. Baada ya miaka mitatu aliona mambo mawili. La kwanza, waliopita mlango wa ndani walikiri upesi kuliko waliopita mlango wa mbele, hata pale makosa yalipofanana. La pili, mlango wa ndani ulipitisha watu weusi wengi kuliko ule wa mbele.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili huulizwa mara kwa mara katika mikutano yetu na hujibiwa kwa haraka. Wamarekani Weusi ni kama mtu mmoja kati ya saba au wanane katika nchi hii, lakini magerezani ni karibu mtu mmoja kati ya watatu. Wapo wanaosema ni kwa sababu wanakosea zaidi. Katika baadhi ya makosa tofauti ipo, na haifai kuificha. Ila aliyesema hivyo bado hajaeleza kwa nini mtaa fulani una umaskini, shule dhaifu na nyumba ambazo benki zilikataa kuzikopesha kwa miongo mingi. Na katika makosa mengine tofauti hiyo haipo kabisa. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba Weusi na Weupe hutumia dawa za kulevya kwa viwango vinavyokaribiana, lakini viwango vya kukamatwa havikukaribiana. Wapo pia wanaosema sababu ni chuki ya mahakimu, basi. Chuki ipo duniani, na mahakamani ni duniani. Lakini Bi. Agata, aliyekaa katika kumbi hizo miaka kumi na minane, hutoa jibu la tatu, nalo hulitoa kwa kuonyesha milango. Polisi wakizunguka zaidi mtaa mmoja, magari ya mtaa huo ndiyo yatakayofunguliwa buti. Asiye na wa kumdhamini atalala mahabusu. Aliyelala mahabusu anaogopa kupoteza kazi, kwa hiyo atakiri. Aliyekiri ana ukurasa. Na mwenye ukurasa, akija mara ya pili, hatazamwi kama aliyekuja mara ya kwanza. Kila hatua ni ndogo, na kila anayeifanya anaweza kulala usingizi mzuri.

Wazazi wetu wengi husikiliza maelezo hayo kwa heshima, kisha husema hiyo ni habari ya Wamarekani Weusi, sisi ni wakimbizi. Bi. Agata huwajibu kwamba askari anayesimamisha gari haulizi kama babu yako alitoka Alabama au Uvira.

Aliyajua hayo kwa vijistari mpaka Oktoba 2019, alipoyajua kwa jina.

Asubuhi moja ya mwezi huo, hapa Louisville, alipewa faili ya wafanyakazi wawili wa ghala moja la South End, kusini mwa mji. Wote wawili walikuwa wamechukua viatu kutoka rundo moja, katika wiki moja: viatu vilivyorudishwa na wateja, ambavyo msimamizi wao wa shifti alikuwa amesema vinakwenda kutupwa. Wa kwanza alikuwa Mzungu wa mtaa wa jirani. Hakuwa na rekodi. Alipelekwa kwenye mafunzo ya Jumamosi sita, na shauri lake likafutwa. Wa pili alikuwa Bisimwa, aliyehamia Louisville miaka minne kabla, akaoa, akapata mabinti wawili. Jaji hakupandisha sauti. Alifungua karatasi, akasoma kwamba mshtakiwa aliwahi kukiri kosa la mali ya wizi huko Buffalo mwaka 2011, na kwa hiyo hakustahili mafunzo ya Jumamosi. Akampa miezi kumi.

Bi. Agata aliitafsiri sentensi hiyo yote, na mwaka wake, na mji wake. Waliokuwepo wanasema sauti yake haikutikisika. Alipomaliza, Bisimwa alimgeukia, akasema polepole, bila hasira, “Mama, ulisema jambo linakwisha.” Kwa kuwa kiapo ni kiapo, Bi. Agata aliligeukia benchi la jaji na kuyasema maneno hayo kwa Kiingereza. Jaji aliuliza mshtakiwa ana maana gani. Kisha shauri lililofuata likaitwa.

Baadaye aliulizwa na wakalimani wapya kama jaji yule alikuwa mbaguzi. Alisema, “Sikumwona mwenye chuki siku ile. Nilimwona mtu anayesoma. Na kilichosomwa nilikiandika mimi.”

Jioni hiyo alimwandikia mkuu wa ofisi, Bw. Sebagabo, barua ya kurasa mbili akieleza alichofanya Buffalo. Bw. Sebagabo alimwita, akamfungia mlango, akamwambia kwa nia njema, “Mama, miaka minane imepita. Hakuna aliyeuliza.” Akajibiwa, “Ndiyo maana nimeandika, mzee. Wangeuliza ningekuwa nimejibu tu.” Barua haikuweza kurudishwa kwenye bahasha. Bi. Agata alisimamishwa kazi za mahakamani kwa miezi sita, akawekwa mapokezi kupokea simu pamoja na Joselyne, ambaye anasema hiyo ndiyo miezi sita pekee ambayo wapigaji simu waliulizwa kwanza kama wamekula.

Ndipo alipoandaa somo ambalo leo kila mkalimani mpya wa ofisi zetu tatu hulipitia kabla ya kuvaa kitambulisho. Huanza kwa kushika kipande cha bomba la maji. “Maji yanapita,” huwaambia. “Bomba halinywi, haliongezi sukari. Mwanao akiwa na kiu mbele yako, wewe bado ni bomba. Mwite mwenye kikombe.” Mwenye kikombe ni wakili. Mkalimani mmoja, Grâce, msichana hodari aliyelelewa Goma, alimuuliza kama si ukatili kumnyamazia mtu anayekuita mama. Bi. Agata alimwambia kwamba ni mara moja tu maishani yeye alipokosa kunyamaza, na aende akamuulize mke wa Bisimwa ilikuwaje.

Mke huyo, Sandrine, alikuwa na jambo zito zaidi la kusema. Mwaka 2021, Bisimwa akiwa amekwisha maliza kifungo na kurudi kazini, mume wake huyo alipokea barua ya uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani akiwa na makosa mawili ya aina hiyo anaweza kuondolewa nchini. Hesabu yake ilikuwa rahisi kueleweka hata kwa mabinti wake: yakibaki makosa mawili, baba anaweza kupelekwa Kongo aliyoiacha akiwa mtoto, likiondolewa la Buffalo, baba anabaki. Lakini ukurasa wa Buffalo ungeondolewa tu kama mahakama ile ile ingekubali kwamba mwaka 2011 hakukiri kwa ushauri wa wakili wake, bali kwa ushauri wa mtu asiyeruhusiwa kushauri.

Bi. Agata alitoa hati ya kiapo. Mwaka 2023 ombi lilikataliwa. Mahakama ilisema, na si bila sababu, kwamba mama mwenye huruma anaweza kukumbuka lolote baada ya miaka kumi na miwili, na kwamba hakuna karatasi ya wakati ule inayomuunga mkono.

Karatasi ilikuwepo. Bi. Agata ana mfuko wa nailoni ambao ametoka nao kambini, wenye kadi ya posho, vyeti vya ubatizo, na kila kitu kilichowahi kuchapishwa kikiwa na jina lake. Ndani yake kulikuwa na jarida letu la Machi 2011, lile la sifa. Habari fupi iliyomsifu kwa busara ilikuwa na tarehe, ilikuwa na jina la Bisimwa, na ilikuwa na yale maneno: alimshauri akiri. Wakili wa Bisimwa aliisoma mara mbili, akauliza nani aliiandika. Nilitia sahihi hati yangu ya kiapo wiki hiyo hiyo, na ombi jipya likapelekwa Buffalo.

Septemba 2025 tulisafiri kwa gari kwenda Buffalo, tukalala Columbus kwa Angelika. Bi. Agata aliendesha sehemu ya kwanza, akatoa njia kwa malori yote ya Ohio. Mahakamani aliomba kutoa ushahidi kwa Kiswahili, na mkalimani aliyepangiwa alikuwa Grâce. Kwa dakika arobaini mwalimu alikaa kizimbani akimsikiliza mwanafunzi wake. Mara moja, Grâce alipotafuta neno na kuchelewa, midomo ya Bi. Agata ilifunguka, akaifunga, akasubiri. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama anaelewa kwamba anakiri kuvunja kiapo cha kazi yake. Alijibu kwamba anaelewa, na kwamba ametoka mbali ili aulizwe swali hilo. Grâce aliyafikisha maneno yote, hakuongeza sukari.

Uamuzi wa Buffalo ulitoka Novemba: kukiri kwa mwaka 2011 kulifutwa, na serikali haikuendelea na shauri. Tarehe 14 Aprili mwaka huu shauri la uhamiaji nalo lilifungwa. Bisimwa anabaki. Miezi kumi aliyokaa ndani hairudi, na hakuna mahakama iliyodai kwamba inarudi. Alipopata habari alimpigia simu Bi. Agata akiwa bado kwenye shifti, akasema, “Mama, sasa imekwisha ya kweli.” Bi. Agata akamjibu, “Bado, mwanangu. Hatujanywa.”

Kwa hiyo wageni wa sherehe yetu ya Ijumaa, katika ukumbi wa parokia karibu na bustani ya Iroquois, waelewe yafuatayo. Chakula ni cha ofisi. Kinywaji si cha ofisi. Madumu sita yatakayokuwa karibu na mlango ni maji ya ndizi mbivu, ambayo Bi. Agata ameyakamua mwenyewe kwa ndizi za maduka yote ya South End, akikataa msaada wetu, kwa sababu anayekiri ndiye aletaye. Wachungaji na watoto wanaweza kunywa bila wasiwasi. Bisimwa atakunywa kwanza, kisha Sandrine na mabinti, kisha wazee, na Bi. Agata mwisho. Halafu karani wa zamani ataufanya ule wajibu wake: atachana ukurasa wa jarida la Machi 2011, ule ule wa mfukoni mwake. Mwandishi wake ametoa ruhusa. Baada ya hapo jambo hili halitatajwa tena na yeyote kati yetu. Mwenye swali aulize kabla ya kunywa.

Bi. Agata, tunakushukuru kwa miaka kumi na minane, kwa vijistari, kwa bomba, na kwa barua ile ya kurasa mbili ambayo hakuna aliyekuomba. Nenda ukapumzike pamoja na Angelika na wajukuu. Tunakuombea siku nyingi, magoti yasiyouma, na kila mlango utakaoufikia mapema, uukute uko wazi.